Gari la mbio la zamani: feza ya kwanza iende kwenye freni

Katika miji ya mashariki ya Kongo, kuanzia Bunia mpaka Lubumbashi, kuna vijana wanaoweka feza kando kwa miaka miwili ao mitatu juu ya kitu kimoja: gari la mbio. Hawatafuti gari jipya, sababu bei yake haiwezekani. Wanatafuta Toyota Altezza, Toyota Celica ao Subaru Impreza iliyotengenezwa Japani miaka 20 ao 25 iliyopita. Gari hilo limepita bandari ya Dar es Salaam ao ya Mombasa, kisha likafika mpakani na rangi inayongaa na kilometa ambazo hakuna anayeweza kuapa kwamba ni za kweli.

Hakuna ubaya katika tamaa hiyo. Magari hayo yalijengwa na watu wanaojua kazi yao. Altezza ilitoka mwaka wa 1998 na ikachaguliwa kuwa gari la mwaka nchini Japani kwa msimu wa 1998-1999. Colin McRae alishinda ubingwa wa dunia wa rali mwaka wa 1995 akiendesha Impreza. Celica nayo ilishinda Safari Rally ya Kenya mara nyingi, kwenye barabara za udongo na mawe zinazofanana na zile ambazo wakaaji wa Kivu na Katanga wanazijua vizuri.

Shida iko kwenye mpangilio wa matumizi. Gari likiisha kufika nyumbani, feza iliyobaki inakwenda kwanza kwenye bomba la moshi lenye kelele, kwenye majante makubwa, kwenye taa za rangi na kwa fundi anayekata resori ili gari likae chini. Freni zinabaki zile za zamani. Mapine yanabaki yale yaliyovuka bahari pamoja na gari. Mafuta ya moteri yanabadilishwa siku yakikumbukwa. Kwa maneno mengine, gari linaongezewa mwendo mbele ya kurudishiwa uwezo wa kusimama. Wanaolipa kosa hilo si mwenye gari peke yake: ni mama anayeuza ndizi kando ya gudroni, ni mwanafunzi anayevuka barabara, ni motari na abiria wake.

Kwa hiyo, kwa yeyote anayeanza na gari la namna hiyo, shauri la kwanza ni hili: mwaka wa kwanza ni wa kuliponya gari. Nguvu itangoja.

Kilometa hazisemi yote

Ni vizuri kuelewa sababu gani magari hayo yanafika Afrika. Nchini Japani, gari jipya linapimwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Kadiri gari linavyozeeka, matengenezo ya kulipitisha kwenye kipimo yanazidi kuwa ghali, na mwenyewe anaona ni heri aliuze. Gari linaingia mnadani, kisha linapakiwa melini. Hiyo haimaanishi kwamba ni bovu. Inamaanisha kwamba mara nyingi linauzwa saa ile ambapo lilikuwa karibu kuhitaji kazi kubwa, na kazi hiyo inamngoja mnunuzi wa Goma ao wa Kolwezi.

Minada ya Japani inatoa karatasi kwa kila gari. Karatasi hiyo inaonyesha kilometa, alama ya hali ya gari, na michoro ya sehemu zilizogongwa ao kupigwa rangi upya. Alama ya R ao RA inaonyesha kwamba gari liligongwa likatengenezwa. Mnunuzi ana haki ya kuuliza karatasi hiyo kwa mchuuzi na kuilinganisha na namba ya shasi. Mchuuzi anayekataa kuionyesha amekwisha kutoa jibu.

Hata kilometa zikiwa za kweli, hazitoshi. Mipira ya gari inazeeka kwa miaka, hata likikaa bila kutembea. Mabomba ya mpira yanayopitisha maji, mabomba madogo ya freni, mipira inayoshika mikono ya magurudumu, joenti zinazozuia mafuta kuvuja: vyote hivyo, baada ya miaka 20, vimekauka na kupasuka. Fundi mwenye taa na nusu saa ya kulala chini ya gari ataona mengi kuliko saa ya kilometa itakavyosema.

Katika vyote, kimoja hakingoji: mkanda wa distribisyo, ule unaozungusha valvu sawa na mwendo wa pistoni. Moteri ya Altezza na moteri ya Impreza ya turbo za miaka hiyo zinatumia mkanda wa mpira, na kipimo cha kawaida cha kuubadilisha ni kilometa 100,000. Mkanda ukikatika moteri ikiwa inazunguka, pistoni zinagonga valvu, na katika dakika hiyo gari linakuwa chuma cha kuuza kwa kilo. Celica iliyotoka tangu mwisho wa 1999 inatumia mnyororo, nao hauna tarehe hiyo ya kubadilishwa. Mwenye gari anapaswa kujua moteri yake ina kitu gani. Kama ni mkanda, na hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, auhesabu kuwa umekwisha. Aubadilishe pamoja na pompo ya maji na vile vigurudumu vinavyoukaza, sababu kazi ya kufungua ni ileile, na kuirudia baada ya miezi sita ni kulipa mara mbili.

Maji, mafuta na kimo cha milima

Goma na Bukavu ziko kwenye kimo cha karibu metre 1,500 juu ya bahari. Lubumbashi iko karibu 1,200. Kimo hicho kinagusa moteri kwa njia mbili ambazo watu wengi hawazifikirii.

Ya kwanza ni hewa. Kwenye metre 1,500 hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake. Altezza RS200 yenye vitesi za mkono ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 210, lakini Goma haiwezi kuzitoa zote. Kijana anayeona gari lake halivuti kama alivyosikia asikimbilie kununua vifaa vya kuongeza nguvu. Sehemu ya jibu ni mlima wenyewe. Sehemu nyingine mara nyingi ni buji zilizochakaa, filtri ya hewa iliyojaa vumbi na kifaa cha kupima hewa kilichochafuka. Kuvirudisha katika hali yake kunagharimu kidogo, na gari linabadilika siku hiyohiyo.

Ya pili ni maji. Kwenye kimo hicho, maji yaliyo wazi yanachemka karibu na digri 95, lakini moteri inafanya kazi kwenye joto la karibu hivyohivyo. Kinachozuia maji yasichemke ni msukumo unaoshikwa na kifuniko cha radiateri. Kifuniko kikiwa kimechoka, maji yanachemka, mvuke unatoka, na gari lenye moteri nzuri linasimama katikati ya mlima. Kifuniko kipya ni moja ya piesi za bei ndogo kabisa kwenye gari zima. Katika gari lililotoka Japani miaka 20 iliyopita, kibadilishwe bila kungoja.

Kuna desturi moja katika magaraji mengi ambayo inafaa ikome. Gari likipata joto, fundi anatoa termostati na kuitupa, akisema kwamba katika nchi ya joto haina kazi. Kwa siku chache joto linaonekana kupungua, na mteja anashukuru. Lakini moteri isiyo na termostati inachukua muda mrefu kupata joto lake, inakunywa esansi zaidi, na vyuma vyake vinasagika haraka. Ugonjwa wenyewe, yaani radiateri iliyoziba, feni isiyozunguka ao joenti ya kichwa cha moteri iliyoungua, unabaki palepale. Termostati mpya iwekwe, ugonjwa utafutwe. Na katika radiateri liwekwe maji yenye dawa yake, si maji ya bomba tu, sababu maji matupu yanaleta kutu ndani ya mifereji.

Juu ya mafuta ya moteri, anayeanza asisikilize mabishano mengi. Achague mafuta ya daraja lililoandikwa kwa moteri yake, ayabadilishe pamoja na filtri kila kilometa 5,000, na apime kijiti kila wiki, gari likiwa limesimama pahali palipo sawa. Kwa Impreza ya turbo kupima kijiti ni sheria. Moteri zake zinajulikana kwa kula mafuta zikiisha kuzeeka, na mafuta yakipungua, mhimili wa moteri unaungua bila kuonya sana. Tena, gari la turbo lililotoka kwenye mwendo mkali ao mlima mrefu lisizimwe papohapo. Liachwe linguruma taratibu kwa dakika moja ao mbili, ili mafuta yapoze turbo. Wengi walioua turbo waliiua kwenye parkingi.

Kuna pia vumbi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na vumbi lake jeusi linaingia kila pahali. Katika majira ya ukavu, barabara za udongo za Katanga zinafanya vilevile na vumbi jekundu. Filtri ya hewa ambayo Japani ingedumu mwaka mzima inaweza kujaa katika miezi michache. Kuitazama kila mwezi ni kazi ya dakika tano.

Kusimama mbele ya kukimbia

Hapa ndipo feza ya kwanza inapaswa kwenda. Barabara ya Bukavu kuelekea Uvira inashuka milima ya Ngomo mbele ya kufika Kamanyola. Shofere wa lori anajua kwamba pale mtu anashuka kwa vitesi ndogo, si kwa kukanyaga freni bila kuacha. Kijana mwenye gari jepesi anaweza kudhani sheria hiyo haimhusu. Inamhusu, na sababu ni rahisi.

Mafuta ya freni yanavuta unyevu kutoka hewani. Yale ya DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki mpaka yafike digri 230. Yakiisha kunywa unyevu, kiwango cha chini kinachokubaliwa kinashuka mpaka digri 155, na yale yaliyokaa miaka kumi bila kubadilishwa yanaweza kuwa mabaya kuliko hapo. Kwenye mteremko mrefu, joto la freni linapita kiasi hicho. Mafuta yanachemka, mapovu yanaingia katika mabomba, na kanyagio linashuka mpaka chini bila gari kusimama. Kuyabadilisha kila miaka 2 ni kazi ya saa moja na chupa moja. Hakuna namna nyingine ya kuongeza usalama inayogharimu kidogo hivyo.

Baada ya mafuta, zinafuata plaketi na disiki. Plaketi za bandia zinauzwa kila soko, zikiwa na sanduku zuri na jina linalofanana na jina la kampuni kubwa. Alama zake zinajulikana: maandishi yaliyochapwa vibaya, chuma chepesi, harufu kali tangu siku ya kwanza, na bei isiyo ya kweli. Kama piesi mpya ya uhakika haipatikani mjini, kuiagiza Kampala, kwenye soko la Kisekka linalojulikana kwa piesi za magari, ao Dubai, na kungoja majuma mawili, ni heri kuliko kufunga kitu kisichojulikana kimetengenezwa na nini.

Kisha mapine. Kwenye ubavu wa kila pine kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Pine lenye 2319 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka wa 2019. Kila anayenunua mapine ya okazyo anapaswa kusoma namba hizo mbele ya kutoa feza. Pine lenye zaidi ya miaka 10 halifai kwa gari la mwendo, hata kama meno yake yanaonekana mapya, sababu mpira umekauka na unaweza kupasuka katika joto. Kwa Impreza, ambayo magurudumu yote manne yanavuta, kuna sharti lingine: mapine yote yawe ya kipimo kimoja na yawe yamechakaa sawasawa. Kuweka moja jipya pamoja na matatu yaliyokwisha kunaumiza mitambo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na kuitengeneza ni ghali kuliko mapine manne.

Mwishoni, amortiseri. Gari linalorukaruka baada ya shimo halishiki barabara. Amortiseri nzuri za kawaida, zenye kipimo cha kiwanda, zinafaa katika miji hii kuliko zile za mashindano zilizotengenezwa kwa gudroni laini. Kukata resori ni jambo la kukataa kabisa. Resori iliyokatwa inaweza kutoka mahali pake gurudumu likining'inia, gari linagusa chini kwenye kila jiwe, na amortiseri zinakufa katika miezi michache.

Baluni na volani

Magari ya miaka ya 2000 yana baluni za usalama zinazofunguka gari likigonga. Nyingi za miaka hiyo zilitoka kwenye kampuni ya Takata ya Japani. Baadaye ilionekana kwamba dawa iliyo ndani yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na baluni inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Makumi ya milioni ya magari yaliitwa kurudi viwandani katika dunia nzima, kutia ndani ya Toyota, ya Subaru, ya Honda na ya Mazda. Takata yenyewe ilifilisika mwaka wa 2017. Magari yaliyokwisha kuuzwa Afrika mara nyingi hayafikiwi na barua za kiwanda. Kwa hiyo mwenye gari achukue namba ya shasi na aitafute kwenye tovuti ya kiwanda, ao aipeleke kwa mwakilishi wa kiwanda hicho. Ni bure, na joto na unyevu ni vitu ambavyo Kongo inavyo kwa wingi.

Jambo la pili ni volani. Japani inaendesha upande wa kushoto, Kongo inaendesha upande wa kuume. Gari lenye volani ya kuume linamweka dereva kando ya barabara, pahali ambapo hawezi kuona kinachokuja mbele ya lori analotaka kulipita. Katika gari la polepole hiyo ni shida. Katika gari la mbio, kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi yenye malori ya madini mchana na usiku, ni hatari ya kufa. Serikali ilikwisha kutangaza, katika miaka ya 2010, kwamba inapiga marufuku kuingizwa kwa magari hayo, lakini barabara bado zimejaa. Mwenye gari la namna hiyo ajue kwamba anakosa jicho moja: abaki nyuma sana ya lori, na asipite bila kuona njia yote mwenyewe. Na kuhamisha volani katika garaji ya uani, kwa kukata na kuchomelea vyuma, si dawa. Vyuma vya volani havichomelewi.

Nguvu ikija, ije kwa zamu yake

Baada ya mwaka mmoja, gari likiwa halivuji, halipati joto, na linasimama sawasawa, mwenyewe anaweza kufikiri juu ya kuliongezea kitu. Hata hapo kuna mpangilio.

Kwanza plaketi za daraja la juu na mapine bora. Gari lenye mapine mazuri linapita kona vizuri kuliko gari lenye farasi 50 zaidi na mapine mabaya. Pili viti na mikanda ya usalama yenye kufunga kweli, kwa abiria wote. Tatu taa: vioo vilivyogeuka vya manjano visuguliwe, na balbu ziwe za aina ambayo taa ilitengenezewa. Balbu nyeupe kali zinazowekwa katika taa zisizo zake zinampofusha anayekuja mbele, na usiku, kwenye barabara isiyo na mwangaza, hilo ni kosa kubwa.

Filtri za wazi zenye umbo la koni, ambazo vijana wanazipenda kwa sauti yake, hazifai Goma. Zinavuta hewa ya joto kutoka kando ya moteri, na nyingine zinaacha vumbi lipite. Kelele inaongezeka, nguvu haiongezeki, na moteri inakula mchanga. Bomba la moshi lililotolewa vizuizi vyake linaongeza kelele kuliko nguvu, na majirani walio na wagonjwa na watoto hawakuomba kuisikia saa sita za usiku.

Juu ya turbo, onyo ni kubwa zaidi. Impreza za turbo zilizouzwa Japani zilitengenezwa kwa esansi bora ya nchi ile, yenye oktani karibu 100. Esansi inayouzwa Kongo haifiki hapo, na ile inayouzwa na wakadafi kwa chupa kando ya barabara hakuna anayejua imechanganywa na nini. Gari la turbo linalopewa esansi dhaifu linaanza kugonga ndani, na kugonga kunatoboa pistoni. Kuongeza msukumo wa turbo katika hali hiyo, bila kifaa cha kupima na bila mtu anayejua kupanga kompyuta ya moteri, ni kuchoma feza. Hatua ya busara katika mji usio na esansi nzuri ni kuuacha msukumo ule wa kiwanda, kununua kwenye stesheni inayojulikana, na kuacha kukanyaga mara sauti ya kugonga ikisikika.

Feza, fundi na daftari

Wengine watasema kwamba mashauri haya ni ya watu wenye feza. Ukweli ni kinyume chake. Mafuta ya freni, kifuniko cha radiateri, filtri, buji, mkanda: vyote pamoja mara nyingi havifiki bei ya majante makubwa manne. Tajiri anaweza kununua moteri nyingine. Kijana aliyeuza kiwanja ao aliyekopa kwa ndugu hawezi. Ni yeye anayehitaji mpangilio huo kuliko mwingine yeyote.

Kipimo kimoja rahisi kinaweza kumsaidia: mbele ya kununua, agawe feza aliyo nayo katika sehemu tatu. Mbili ni za gari pamoja na karatasi zake, duane na asiransi. Moja ibaki kando kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kama sehemu mbili hazitoshi kununua gari analolitaka, basi gari hilo bado si lake. Atafute lililo chini yake, ao angoje.

Fundi naye achaguliwe kwa macho. Garaji nzuri inaweza kuwa chini ya mwembe, lakini fundi wake anaosha piesi mbele ya kuifunga, ana ufunguo wa kupimia kukaza, anamwonyesha mteja piesi ya zamani aliyoitoa, na hakatai mteja kusimama karibu. Mwenye gari naye aweke daftari katika gari: tarehe, kilometa, kazi iliyofanywa, jina la piesi, bei. Daftari hilo linazuia kulipa kazi moja mara mbili. Siku ya kuuza, linamwambia mnunuzi ukweli ambao yeye mwenyewe hakuupata.

Kazi ya wakubwa

Mambo haya si ya vijana peke yao. Kongo ina sheria ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978. Kontrole tekiniki inatakiwa kuangalia freni, taa, mapine na volani, na kukatalia gari lisilosimama, si kutoa karatasi kwa yeyote aliye na feza mkononi. Polisi wa barabarani, anaposimamisha Altezza yenye kelele, angefanya kazi nzuri kuliko kuuliza vinyeti tu kama angetazama mapine yake. Majimbo yenye viwanja vya ndege visivyotumiwa sana ao barabara za kampuni za madini yangeweza, kwa siku moja kwa mwezi, kuwapa vijana hao pahali pa kujaribu magari yao bila kuua mtu, na watu wa usalama wakiwa pale. Kuwakataza bila kuwapa pahali kumekwisha kuonyesha matunda yake: mashindano ya usiku kwenye boulevard.

Wazazi pia wana neno. Baba anayemnunulia mtoto wake gari lenye nguvu, ao mjomba aliye Ulaya anayetuma feza ya gari, aulize swali moja mbele ya kutuma: freni na mapine yatalipwa na nani?

Magari haya ya zamani yanastahili kutunzwa. Yakitunzwa, yatadumu miaka mingine mingi, na vijana wanaojifunza juu yake watakuwa mafundi wazuri kuliko waliowatangulia. Lakini siku kijana atakapotaka kuwaonyesha rafiki zake gari lake, asianze kwa kuwaambia linafika kilometa ngapi kwa saa. Awapeleke pahali pasipo na watu, akanyage freni, na awaonyeshe kwamba linasimama kwa mstari ulionyooka.